Saikolojia ya Utangulizi kwenye vyuo vya jamii Marekani: tupeane uzoefu

Mzaramo_Houston (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu. Usajili wa muhula umefunguliwa na maswali ni yaleyale. Hii Saikolojia ya Utangulizi ni mteremko kweli? Kitabu kinapatikana wapi? Nichukue ya darasani au ya mtandaoni? Wengi wanaouliza wanaelekea unesi, wengine ualimu au ustawi wa jamii, na kote huko utaikuta kozi hii mlangoni. Wenye kuijua waweke mambo yenyewe: bei, tarehe, mitego. Simulizi za maisha tuziache pembeni.

Naanza na namba ya kozi, maana hapo ndipo pesa hupotea mapema. Texas ni PSYC 2301, Florida ni PSY 2012, na vyuo vya jamii vya California vinahamia PSYC C1000. Kwingine mara nyingi utakuta PSY 101 au namba inayofanana nayo. Ni krediti 3. Usiichanganye na kozi ya makuzi ya binadamu toka utotoni hadi uzeeni, ambayo Texas ni PSYC 2314. Programu nyingi za unesi zinataka ya makuzi, nyingine zinataka zote mbili. Kwa hiyo fungua ukurasa wa programu unayoilenga, siyo wa chuo unachosoma sasa, usome namba yenyewe na alama ya chini wanayoipokea. Kwa unesi kawaida ni C. Ukipata D, chuo chako kinaweza kukuhesabia krediti huku programu ikikukatalia.

Ada: California mkazi wa jimbo analipa dola 46 kwa krediti, yaani 138 kwa kozi nzima. Texas kuna ngazi tatu: anayeishi ndani ya wilaya ya chuo, anayeishi Texas nje ya wilaya hiyo, na mgeni wa jimbo. Ukihamia ng'ambo ya barabara tu ada inaweza kubadilika, kwa hiyo peleka uthibitisho wa makazi kabla bili haijatoka.

Zamu_Mbili

Naongezea kuhusu muda, maana hapa watu wanajidanganya. Hesabu ya vyuo ni saa 2 za kujisomea kwa kila saa 1 ya darasa. Krediti 3 kwa muhula mzima wa wiki 15 au 16 ni saa 9 kwa wiki. Kozi hiyohiyo ikibanwa kwenye wiki 8 inakuwa saa 18 kwa wiki, sura mbili kila wiki na mtihani karibu kila baada ya siku 14. Mtu anayefanya zamu za saa 12 kwenye nyumba ya wazee akaona "wiki 8 tu, nimalize haraka", huyo anaomba matatizo. Chukua ya muhula mzima.

Walio na viza ya F-1 (ya mwanafunzi wa kimataifa): kwenye zile krediti 12 za lazima kwa muhula, kozi moja tu ya mtandaoni (isiyozidi krediti 3) ndiyo inahesabiwa kwa muhula. Ukishachukua Kiingereza mtandaoni, saikolojia nenda darasani. Na ile inayoitwa mseto (nusu darasani, nusu mtandaoni), muulize ofisa wa wanafunzi wa kimataifa akujibu kwa maandishi.

Bibi_Fomu

Tarehe, jamani. Kuna tarehe mbili na watu wanazichukulia kama moja.

Ya kwanza ni ya kuiondoa kozi bila alama yoyote. Huangukia wiki za mwanzo, na kurudishiwa ada nako kuna siku yake, ambayo inaweza kuwa mapema zaidi. Ya pili iko mbele zaidi: ukijitoa kabla yake unapata W (alama ya kujitoa). W haigusi wastani wako, lakini anayepokea msaada wa masomo inamgusa. Vyuo vingi vinataka uwe umekamilisha 67% ya krediti ulizojaribu na wastani wa 2.0. W inahesabiwa kuwa umejaribu na hukukamilisha. Krediti 12 ukaacha 3 umebaki na 75%, uko salama. Ukaacha 6 umeshuka hadi 50%, na barua ya onyo inakuja.

Anayeacha masomo yote kabla ya 60% ya muhula, sehemu ya msaada wa serikali inahesabiwa kuwa hakuistahili, na chuo kinaweza kumdai. Kutokomea bila kuaga ni kubaya zaidi: unabeba F za muhula mzima, na deni linaweza kukufuata hapohapo.

Louisville_Kivu

Swali dogo. Mkimbizi aliyeletwa na mpango wa kupokea wakimbizi anaruhusiwa kuomba huo msaada? Au mpaka kwanza green card?

Bibi_Fomu

Anaruhusiwa, ndugu. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi na aliyekwisha kupewa hifadhi wote wanajaza FAFSA (fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu) bila kungoja green card. Weka namba ya A (namba yako ya uhamiaji) iliyo kwenye karatasi zako na ulinganishe jina na tarehe ya kuzaliwa herufi kwa herufi. Wale ambao majina yao matatu yaligeuzwa kambini, jina la ukoo likawa la kati, hukwama hapohapo kwenye uhakiki. Ambaye ombi lake la hifadhi bado linasubiri hana sifa kwa msaada wa serikali kuu. Aulize misaada ya jimbo na ya chuo. Pell (ruzuku ya serikali kuu) ya juu kabisa kwa mwaka wa masomo 2025-26 ni dola 7,395. Fomu ni ya bure, anayekutoza hela kukujazia anakula jasho lako.

Msomi_wa_Maktaba

Kitabu. Kabla ya kununua chochote angalia silabasi kama wanatumia *Psychology 2e* ya OpenStax, inayotolewa na Chuo Kikuu cha Rice. Ni bure kabisa, sura 16, unaisoma mtandaoni au unapakua PDF. Kama mwalimu anatumia kitabu cha kampuni chenye kodi ya kuingilia (access code, namba ya kufungulia tovuti ya kitabu), usinunue kitabu kilichotumika bila kodi ukidhani umeokoa pesa: kazi za nyumbani ziko ndani ya kodi. Siku hizi vyuo vingine vinaichomeka gharama hiyo kwenye bili moja kwa moja, na kuna tarehe ya kujiondoa ikiwa hauhitaji. Ikipita, umenunua.

Sura ya 8 ya OpenStax, ya kumbukumbu, isome wiki ya kwanza hata kama silabasi inaiweka mwezi wa pili. Humo ndimo mbinu za kusoma zilipo. Watafiti Roediger na Karpicke mwaka 2006 waliwapa wanafunzi matini wasome. Waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika 5. Baada ya wiki moja waliokuwa wamejipima kwa kuandika wanachokumbuka ndio walioongoza. Mtihani wako hauji baada ya dakika 5. Funga kitabu, chukua karatasi tupu, andika ulichoshika, halafu ufungue uone mapengo. Kupaka kitabu kizima rangi ya njano ni kazi ya mikono.

Mkufunzi_Tempe

Wanapoangukia ni sehemu tatu, na mara zote ni kwa sababu mtihani hauulizi maana ya neno. Unakupa kisa, unaambiwa useme ni nini.

Kwanza, sura ya utafiti. Kuchagua washiriki kwa bahati nasibu kutoka kwenye jamii ni jambo moja; kuwagawa kwenye makundi kwa bahati nasibu ni jingine. La kwanza linakuruhusu kusema matokeo yanahusu watu wengine, la pili linakuruhusu kusema hiki ndicho kilichosababisha kile. Na uwiano (correlation, vitu viwili vinavyobadilika pamoja) wa -0.8 una nguvu kuliko wa +0.5. Alama ya kutoa inaonyesha mwelekeo tu.

Pili, Pavlov, yaani kujifunza kwa kuhusisha kitu na kingine. Mtoto anachomwa sindano, analia. Nesi kavaa koti jeupe. Wiki ijayo mtoto anaona koti jeupe kwa mbali, analia. Sindano ni kichocheo cha asili, na kulia kwa sindano ni itikio la asili. Koti sasa ni kichocheo cha kujifunza, na kulia kwa koti ni itikio la kujifunza. Kilio ni kilekile lakini kina majina mawili, kutegemea kimeletwa na nini. Wengi huandika jina moja kwa vilio vyote viwili.

Tatu, Skinner, yaani kujifunza kutokana na matokeo ya tabia, na hapa ndipo vilio vya watu wazima. Jiulize maswali mawili kwa mpangilio huu. Tabia imeongezeka au imepungua? Ikiongezeka ni uimarishaji, ikipungua ni adhabu. Halafu: kitu kimeongezwa au kimeondolewa? Kikiongezwa ni chanya, kikiondolewa ni hasi. Kengele ya gari inapiga kelele hadi ufunge mkanda: kelele imeondolewa, kufunga mkanda kumeongezeka, ni uimarishaji hasi. Anayejibu "adhabu" kapoteza alama. Sasa kisa wanachokipenda watunga mitihani: mtoto anapiga mayowe dukani, mama anamnunulia pipi, mayowe yanakoma. Wanafunzwa watu wawili hapo. Mtoto kapata pipi, atapiga mayowe tena: uimarishaji chanya. Mama kaondolewa kelele, atanunua tena: uimarishaji hasi. Soma swali linamuulizia nani.

Sura ya ubongo ni ya kuchora tu. Chora niuroni (seli ya neva), weka majina, andika -70 mV ikiwa imetulia na -55 mV kama kizingiti, rudia hadi itoke bila kuangalia.

Pwani_Mchambuzi

Anayetafuta mada ya insha ambayo mwalimu hajaisoma mara mia: Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyechunguza mtoto anavyoshikamana na mama. Vitabu vinamtaja kwa uchunguzi wake wa Baltimore, wa mtoto kuachwa na mgeni chumbani. Lakini alianzia Uganda, 1954 hadi 1955, kwenye vijiji vya Buganda karibu na Kampala, akitembelea kina mama na watoto majumbani, na kitabu chake kuhusu Uganda kilitoka 1967. Utafiti wa nyumbani kwetu ndio uliotangulia, na kitabu cha kozi kinaweza kuupitia kwa mstari mmoja tu au kuuruka.

Na msiandike insha kwa Kiswahili mkaibandika kwenye programu ya kutafsiri. Walimu wengine wanalihesabu hilo kama kazi isiyo yako. Uliza kwanza, na andika kwenye Google Docs ili historia ya uandishi ibaki. Marejeo ni mtindo wa APA, toleo la 7.

Zamu_Mbili

Kozi za mtandaoni: posti ya kwanza kwa kawaida ni katikati ya wiki, majibu mawili kwa wenzako ni Jumapili 11:59 PM, yaani saa 5:59 usiku. Ikiandikwa Jumatatu 12:00 AM, ni usiku uleule wa Jumapili kuamkia Jumatatu, siyo adhuhuri. "Nakubaliana na wewe" haina alama. Taja dhana ya sura na mfano.

Mzaramo_Houston

Kuna wanaoulizia CLEP, mtihani wa kupata krediti bila kusoma kozi. Ni maswali yapatayo 95 kwa dakika 90, na vyuo vingi vinavyoipokea vinataka alama 50 kwenye kipimo cha 20 hadi 80. Modern States (shirika la mtandaoni) wana kozi ya bure, na ukiimaliza wanakupa vocha ya mtihani. Ila programu za afya nyingine hazipokei krediti za CLEP, na mwenye F-1 haimpunguzii zile krediti 12. Pata jibu la programu kwa barua pepe kwanza.

Louisville_Kivu

Asanteni sana. Na mtihani wa kozi ya mtandaoni, naweza kuufanyia kwenye simu?

Mkufunzi_Tempe

Kama wanatumia ile programu ya kufunga skrini, hapana, haifanyi kazi kwenye simu. Kompyuta ya kazini nayo mara nyingi inakataa kuipokea. Maktaba nyingi za vyuo huazimisha laptop, nenda wiki ya kwanza kabla hazijaisha. Halafu fanya jaribio la mazoezi kama mwalimu ameliweka, maana kamera ikigoma siku ya mtihani saa inaendelea kuhesabu.