Kompyuta ya nyumbani imekuwa nzito: nifomati diski, nirejeshe Windows, au nibadilishe diski yenyewe?

Mtumiaji wa Kawaida (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Nina kompyuta mpakato yenye Windows 10, RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 4 na diski ya HDD (yenye sahani zinazozunguka) ya GB 500, ambayo nyumba nzima huitumia kwa kuandika, kuvinjari na kutazama video. Siku hizi ukiiwasha unasubiri dakika kadhaa kabla haijaitika, na ukifungua kivinjari wakati programu ya kuzuia virusi inakagua mafaili, kila kitu huganda. Nimeshauriwa kufomati, yaani kuifuta diski yote na kuiandaa upya. Kabla sijagusa kitu, naomba tulinganishe njia tatu: kufomati na kusakinisha Windows upya, kutumia huduma ya kurejesha kompyuta iliyomo ndani ya Windows yenyewe, au kubadilisha diski.

Kisafi

Mimi ni mtetezi wa kufomati. Kompyuta inayotumiwa na watu wengi hukusanya vitu ambavyo hakuna anayekumbuka kuviweka, kama vile programu zinazojiwasha zenyewe, viendelezi vya kivinjari, na wakati mwingine programu mbili za kuzuia virusi zinazogombania faili lilelile. Kuviondoa kimoja kimoja kunachosha, na hata ukimaliza huna hakika kwamba umevimaliza. Ukiwa na flashi ya GB 8 unaweza kusakinisha Windows upya, na leseni ya kidijitali iliyokwisha kutambuliwa kwenye mashine hiyo hujirudisha yenyewe mara unapounganisha intaneti.

Nakala Tatu

Ndugu Kisafi ameruka jambo moja zito, nalo ni data. Watu hukumbuka kunakili folda ya nyaraka na picha, kisha wakasahau mafaili yaliyolala kwenye eneo-kazi, nywila zilizohifadhiwa na kivinjari, na barua pepe zilizowekwa ndani ya programu badala ya kubaki kwenye seva. Kwa sababu hiyo, kama tatizo ni programu tu, ningeanza na huduma ya kurejesha: ukichagua kubakisha mafaili yako, Windows hujisakinisha upya na kuondoa programu ulizoziongeza, lakini folda zako binafsi hubaki. Hata hivyo nakala iwe imeshawekwa kwenye diski ya nje, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo hakuna wa kumlaumu.

Bisibisi

Nyote wawili mnazungumzia kilichoandikwa juu ya diski, wala si diski yenyewe. Diski ya HDD ya mizunguko 5,400 kwa dakika huchukua takribani milisekunde 11 kumaliza mzunguko mmoja, na kabla ya kusoma kipande cha data kichwa chake lazima kisogee mahali panapohusika na kusubiri data ipite chini yake. Ndiyo maana diski kama hiyo humudu takribani usomaji mia moja tu kwa sekunde pale mafaili yanapokuwa madogo na yametawanyika, ilhali SSD ya kawaida (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) humudu makumi ya maelfu. Windows inapowaka husoma maelfu ya mafaili madogo ya namna hiyo. Ukifomati utaona nafuu, sikatai, lakini masasisho yakisharudi na programu zikisharejeshwa utajikuta palepale.

Mchunguzi

Naomba tusimwandikie mgonjwa dawa kabla ya kumpima. Mwenye mada, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja wakati kompyuta imeganda ili kufungua Task Manager, kisha utazame safu za kumbukumbu na diski. Kumbukumbu ikiwa imejaa, Windows inahamishia mzigo wake kwenye diski, na hapo kufomati hakutaongeza hata MB moja ya RAM. Diski ikisoma asilimia 100 huku data inayopita ni MB 1 au 2 tu kwa sekunde, basi inahangaika kutafuta data au inarudia kusoma sehemu zilizoharibika. Baada ya hapo tumia programu ya CrystalDiskInfo kusoma taarifa za afya ya diski, ukiangalia hasa mistari ya 05 na C5. Wa kwanza huonyesha sekta (vipande vidogo vya diski vinavyobeba data) zilizokwisha kuhamishwa kwa sababu ya ubovu, na wa pili huonyesha zile ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado inazitilia shaka.

Mtumiaji wa Kawaida

Nimefanya kama ulivyoelekeza. Kumbukumbu ilikuwa asilimia 88, diski asilimia 100, na data iliyopita haikufika MB 2 kwa sekunde. CrystalDiskInfo imeweka alama ya njano, yaani ya tahadhari, na mistari yote miwili, 05 na C5, ina thamani zinazozidi sifuri.

Mchunguzi

Basi usifomati, walau si sasa. Fomati ya haraka huunda upya orodha ya mafaili na kuacha sekta kama zilivyo. Fomati kamili, tangu Windows Vista, huandika sifuri kwenye diski nzima, na uandikaji huo huilazimisha diski kuzijaribu upya sekta zenye shaka na kuzihamisha zilizo mbovu, kwa hiyo namba ya C5 inaweza kushuka na ukadhani diski imepona. Namba ya 05 ndiyo inayoweza kupanda. Isitoshe, utakuwa umeitwisha diski dhaifu kazi ya saa nyingi huku data yako ikiwa bado iko humo humo.

Kisafi

Kwa vipimo hivyo naondoa pendekezo langu. Nilichukulia kwamba diski ni nzima, na kwa diski nzima bado nasimama pale pale.

Bisibisi

Utaratibu ungekuwa huu: nakili mafaili muhimu kwanza, ukianza na yale yasiyoweza kupatikana kwingine, na faili likigoma kunakilika liruke uendelee na mengine, kwani kung'ang'ania sekta moja kunaweza kuichosha diski kabla hujaokoa yaliyobaki. Kisha weka SSD ya inchi 2.5 na usakinishe mfumo upya badala ya kuhamisha nakala kamili ya diski ya zamani, maana programu nyingi za kunakili husimama zinapokutana na sekta mbovu. Kama ubao wa kompyuta unaruhusu, pandisha RAM ifike GB 8.

Na kwa kuwa unasakinisha upya, zingatia kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Angalia kama mashine ina TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya kompyuta) na prosesa inayokubalika kwa Windows 11. Ikiwa haina, kwa kuandika na kuvinjari Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, itatosha kabisa.

Nakala Tatu

Naongeza moja tu: kama diski ya zamani ilifungwa kwa BitLocker (kinga ya Windows inayosimba data ya diski), tafuta ufunguo wake wa kufungulia kabla hujaichomoa, kisha uihifadhi bila kuifuta hadi kila mtu wa nyumbani afungue mafaili yake kwenye SSD na kuthibitisha kwamba yanasomeka.