Gungeon, Hades au Isaac? Nina elfu mbili, nichukue ipi

OmenaKavu (Kisumu) · Ijumaa, saa 2:40 usiku

Habari za jioni wasee. Punguzo la Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, limeanza na kuna elfu mbili kwenye M-Pesa ambayo haina kazi mpaka Jumatatu. Nataka roglaiti moja tu, ile ukifa unaanza upya unakuta vyumba vimejipanga vingine, risasi zimejaa skrini hadi hujui usimame wapi. Nimechuja nikabaki na tatu: Enter the Gungeon, Hades na The Binding of Isaac: Rebirth. Nimetazama video zake mpaka bando likaisha. Nichukue ipi?

Mulembe_Kak (Kakamega) · saa 2:52

Mulembe omera. Swali zuri lakini umetunyima kila kitu. Laptop gani? RAM ngapi? Unacheza peke yako ama kuna mwenzako? Padi ama kibodi? Na kwa nini Brotato haimo hapo?

FundiWaKondele (Kisumu) · saa 3:05

Jibu hayo kwanza, kabla watu hawajaanza. Nawajua. Mtu atakusifia Hades, wewe ukeshe ukishusha GB kumi na tano, halafu Zagreus, shujaa wake, anasonga picha moja moja kama albamu ya harusi. Sema pia Windows ni ipi. Steam iliachana na Windows 7 na 8 mwanzoni mwa 2024, na mpaka leo naletewa laptop za mtumba zenye 7.

DadaNjoro (Njoro, Nakuru) · saa 3:20

Laptop ikikubali chukua Gungeon, usiulize tena. Hizo mbili ni nzuri, lakini wewe umesema risasi za kujaza skrini. Hades ukipewa baraka nzuri na miungu unammaliza adui kabla hajafyatua. Isaac unaweza kuokota kitu kimoja mapema ukawa huguswi tena. Gungeon haikupi mteremko huo. Mabosi wake, wale maadui wakubwa wa kila ghorofa, wamewekewa kikomo cha maumivu wanayoweza kupokea kwa sekunde, kwa hivyo hata ukija na bunduki ya ajabu bado mtakaa naye mle chumbani ukikwepa.

Na kukwepa kwenyewe ni kujiviringisha. Ukiwa hewani risasi zinakupita, ukitua uko wazi, kwa hivyo anayebonyeza ovyo hufa akitua. Unapewa blanki mbili kila ghorofa za kufuta risasi zote zilizo chumbani, na ukimuua bosi bila kuguswa hata mara moja unaongezewa moyo. Ilitoka 2016 na kwa hilo sijaona iliyoipiku.

Kama ni risasi tupu unataka, kuna Touhou, mfululizo ambao Mjapani anayejiita ZUN ameutengeneza karibu peke yake tangu 1996. Lakini ile si ya vyumba kubadilika. Unacheza hatua zilezile mpaka uzikariri.

MzeeWaMilimani (Kisumu) · saa 3:41

Isaac. Hizo nyingine zote zimekunywa kisima hicho. Edmund McMillen na Florian Himsl waliitoa 2011, Rebirth ikaja 2014, na watu bado wanaicheza. Utamu wake ni vile vitu vinavyochanganyika. Umeokota kinachofanya machozi, ndiyo risasi zako, yamfuate adui, baadaye ukapata kinachogeuza machozi kuwa mwale wa damu, sasa una mwale unaopinda kona kumtafuta mtu. Hakuna aliyekuambia, umegundua mwenyewe.

Onyo moja tu: isiwe ya sebuleni. Mama amesikia sauti kutoka juu ikimwambia amtoe mwanawe kafara, mtoto anakimbilia chini ya nyumba, silaha yake ni machozi. Mke wangu ni wa kwaya. Alisimama nyuma yangu dakika mbili, hakusema kitu, akaenda kumpigia pasta.

DadaNjoro · saa 3:44

😂😂 Pasta alisema nini?

MzeeWaMilimani · saa 3:46

Aliuliza kama inaingia kwa simu.

Mulembe_Kak · saa 3:58

Mzee, umeacha jambo. Isaac anayoiona Omena kwenye video si Rebirth tupu. Ni Repentance, nyongeza ya 2021 ya kulipiwa, na haiingii bila nyongeza zilizoitangulia. Bila punguzo la maana elfu mbili itaishia njiani.

Sasa sikieni hesabu. Dola ni kama shilingi 129. Gungeon bei kamili ni 14.99, hiyo ni elfu moja mia tisa na ushee. Hades ni 24.99, umeshapita elfu tatu. Brotato ni 4.99, mia sita na hamsini hivi. Humo wewe ni kiazi, umebeba silaha hadi sita, unapigana mawimbi ishirini. Wimbi ni kati ya sekunde 20 na 90, kisha unaingia dukani kununua nguvu, unarudi. Raundi nzima haifiki nusu saa. Inafyatua yenyewe, wewe kazi yako ni miguu.

DadaNjoro · saa 4:02

Inafyatua yenyewe. Basi washa tu televisheni uangalie mpira.

Mulembe_Kak · saa 4:04

Dada, kukwepa ni kukwepa. Na ukitaka kulenga mwenyewe unaweza kubadilisha kwenye mipangilio. Ungekuwa umeicheza ungejua.

DadaNjoro · saa 4:05

Niliicheza. Nilijengea kiazi ngao mpaka nikaweza kusimama tu, nikaenda kupindua chapati nikarudi bado niko hai.

OmenaKavu · Jumamosi, saa 1:15 asubuhi

Stima ilipotea jana kabla sijajibu. Laptop ni HP EliteBook 840 G1, i5 ya kizazi cha nne, RAM 4, Windows 10. Padi ninayo moja ya USB, ile ya mjini, haina jina. Betri ya laptop ilishakufa, bila ukuta haiwaki, na huku Nyalenda mnajua stima. Pia mdogo wangu yuko nyumbani, atataka kucheza.

FundiWaKondele · saa 1:31

Sasa ndio unaongea. Hayo ndiyo tuliyoyauliza jana.

Betri iliyokufa inabadilisha kila kitu. Swali si gemu ipi tamu, ni gemu ipi haikuadhibu stima ikikatika. Hades inakurudisha mwanzo wa chumba ulichokuwamo, hapo iko sawa. Gungeon unahifadhi kati ya ghorofa na ghorofa, kwa hivyo stima ikienda ukiwa mbele ya bosi umepoteza si chini ya ghorofa nzima. Brotato ikizimika umepoteza wimbi, hasira yake ni ndogo.

Kwa mashine hiyo Gungeon na Isaac zitaenda bila shida. Hades itaenda ukishusha ukubwa wa picha hadi 720 na ukizima Chrome. RAM 4 ndiyo kiwango cha chini walichoandika wenyewe, na grafiksi ya Intel inakula kutoka RAM hiyohiyo.

DadaNjoro · saa 1:50

Mdogo wako! Basi ni Gungeon tena. Mchezaji wa pili anaingia kama Cultist, skrini moja. Hades ya kwanza ni ya mtu mmoja tu.

SimbaWaChwele (Bungoma) · saa 2:20

Mnajisumbua. Kuna jamaa Telegram anauza akaunti iliyo na hizo zote tatu kwa mia tano. Dead Cells, nyingine ya aina hiyohiyo, iko ndani pia.

KijanaWaLanet (Nakuru) · saa 3:12

Simba, tafadhali. Niache niongee.

Mimi nilinunua akaunti ya hivyo, si Telegram hata, ni duka la hapa mjini lenye kioo na risiti na msichana wa kaunta. Silitaji jina. Nikaingiziwa akaunti, Dead Cells ndani, nikaambiwa nisiwahi kuitoa kwenye hali ya nje ya mtandao. Sawa. Nikacheza. Anayeijua Dead Cells anajua inavyokushika: ukifa unapoteza kila ulichovaa, lakini michoro ya silaha uliyofikisha kwa yule Mkusanyaji inabaki, na ukimshinda bosi wa mwisho unapewa seli yake ya kufungulia ugumu wa juu zaidi. Nilikuwa nimepanda mpaka seli ya nne. Nina silaha ambazo wengine wanaziona video tu. Usiku ule nilikuwa nimelala nikiota pahali pa kuruka.

Asubuhi laptop imejisasisha, Steam inadai niingie upya. Nikaweka nenosiri, halikubali. Inataka namba iliyotumwa kwa barua pepe ya mtu, na barua pepe yenyewe inaishia na herufi za nchi ambayo sijui iko wapi. Nikarudi dukani. Yule kijana wa ndani hakushtuka hata. Akaniambia, "Hiyo mwenyewe ameirudisha." Mwenyewe! Yaani kumbe kulikuwa na mwenyewe, mtu mahali fulani ambaye aliibiwa akaunti yake, na mimi nilikuwa nikicheza ndani ya nyumba ya watu. Nikauliza pesa yangu. Akasema naweza kuongeza mia tatu anipe nyingine. Nyingine ambayo haina seli hata moja, inaanza na upanga ule wa kutu.

Kwa gemu ya mpira ungeudhika siku moja. Hizi gemu kitu unachonunua ni ile safari ya kufungua. Ukiibiwa akaunti umeibiwa miezi.

Mulembe_Kak · saa 3:25

Pole sana ndugu. Lakini mikono unayo bado.

KijanaWaLanet · saa 3:27

Mikono iko. Silaha haziko.

FundiWaKondele · saa 3:40

Dead Cells inaweka kumbukumbu zake ndani ya folda ya gemu yenyewe. Ungenakili folda ya "save" kwenye flashi ungeendelea palepale ukinunua yako.

KijanaWaLanet · saa 3:41

Na unaniambia leo.

SimbaWaChwele · saa 3:58

Wangu hajawahi kunisumbua.

KijanaWaLanet · saa 4:00

Subiri ijisasishe. Halafu hao Motion Twin wa Ufaransa walioitengeneza Dead Cells ni ushirika, wafanyakazi wanalipwa sawa wote. Ukinunua kwa mwizi unawanyima watu kama hao.

MzeeWaMilimani · saa 4:30

Tuseme ukweli, kijana hana haja ya kulipa hata senti ili kuanza. Vampire Survivors ni bure kwenye simu tangu mwisho wa 2022, matangazo unatazama ukitaka tu. Simu ina betri, stima iende ikirudi. Unatembea, silaha zinapiga zenyewe, dakika ya thelathini Kifo mwenyewe anakuja kukuchukua. Hiyo ndiyo iliyochukua BAFTA, ile tuzo ya Uingereza, ya gemu bora 2023 mbele ya Elden Ring.

DadaNjoro · saa 4:41

Hapo mzee tunaachana. Ile ni mashine ya kamari imevaa nguo za gemu. Lile sanduku la zawadi likifunguka, taa, muziki, sarafu zinaruka. Luca Galante aliyeitengeneza aliwahi kufanya kazi kwenye sekta ya kamari, na inaonekana.

MzeeWaMilimani · saa 4:55

Kamari ni pale unapoweka pesa. Hapa unaweka nini? Vijana wa hapa wanamaliza ada kwa ile ndege inayopaa kwenye simu, wewe unashtaki sanduku la bure.

DadaNjoro · saa 4:58

Sijasema ni dhambi. Nasema ubongo unakunwa mahali palepale. Nina binamu aliyetoka kwenye ile ndege, sitamwekea Vampire Survivors kwenye simu.

Mulembe_Kak · saa 5:10

Binamu yangu yeye ilimtoa. Kidole kilikuwa kinatafuta kazi, kikapata isiyokula pesa. Kila mtu na lake.

SimbaWaChwele · saa 5:15

Soul Knight pia ni ya simu, bure, na mnaweza kuingia wanne kwa hotspot bila bando. Tuliicheza sana bwenini. Mdogo wako ataipenda kuliko hizo za dola.

DadaNjoro · saa 5:17

Hiyo nakubali. Simba leo umesema kitu.

OmenaKavu · saa 8:05 mchana

Mmenichanganya zaidi lakini asanteni. Hades nimeitoa kwenye orodha, itasubiri. Sasa nimebaki kati ya Gungeon, ambayo Mulembe ameshanipigia hesabu, na Brotato halafu chenji inabaki. Nitalipa kwa ile kadi ya GlobalPay ya M-Pesa. Nikinunua ikakataa kwa laptop inakuwaje?

Mulembe_Kak · saa 8:12

Unaomba kurudishiwa. Uwe hujapita siku 14 tangu ununue na hujaicheza zaidi ya saa mbili. Chagua pesa irudi kwenye pochi ya Steam, usihangaike na kadi.

Na sikiliza: nunua Brotato.

FundiWaKondele · saa 8:20

Kabla ya gemu, jaribu hiyo padi. Hizi zisizo na jina kompyuta nyingi haziitambui kama ya Xbox, na gemu nyingi mpya zinaijua hiyo tu. Ingia kwenye mipangilio ya Steam upange vitufe upya hapo, mara nyingi inakubali. Kwa Gungeon kijiti cha kulia lazima kiwe sawa, ndicho kinacholenga. Kama kimelegea mdogo wako atakuwa anapiga kuta.

Ama achana na gemu wiki hii. Njoo na mashine, 840 G1 ina nafasi mbili za RAM. Ninayo DDR3L ya GB 4 ya mtumba kwa mia tisa, ukiweka ya pili RAM zinafanya kazi pamoja na ile grafiksi ya Intel inapumua. Hapo hata Hades unaizungumzia.

DadaNjoro · saa 8:24

Nilijua Fundi atafika dukani kwake tu.

FundiWaKondele · saa 8:25

Nimesema bei mbele ya watu, si nimejificha.

OmenaKavu · saa 8:33

Padi kijiti cha kulia kinavuta juu chenyewe 😩

KijanaWaLanet · saa 8:36

Basi kibodi na kipanya ni zako, Gungeon kulenga kwa kipanya ni rahisi zaidi. Padi mpe mdogo.

Mulembe_Kak · saa 8:37

Ampe mdogo padi inayovuta juu? Mtagombana Jumapili yote.

MzeeWaMilimani · saa 9:02

Fundi, hiyo DDR3L inaingia kwa ThinkPad T440 pia? Yangu imeanza kukwama.

FundiWaKondele · saa 9:10

Ni T440 ama T440p, mzee? T440 RAM moja imechomelewa kwenye bodi, imebaki nafasi moja. T440p zina mbili. Geuza uangalie kibandiko cha chini.