Naomba ushauri: tremolo ya kufunga hairudi kwenye tyuni

Habari zenu wakuu. Gitaa la umeme, daraja (sehemu inayoshika nyuzi kwenye bodi) linaloelea la mtindo wa Floyd Rose: lina mkono wa kulegeza au kukaza nyuzi, nazo zimefungwa kwa vibano ncha zote mbili. Nikibonyeza mkono wa tremolo hadi nyuzi zilegee kisha nikaachia, nyuzi zote sita hubaki chini kama senti 8 (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu-toni). Nikiuvuta juu na kuachia, hubaki juu. Ingekuwa uzi mmoja ningeshuku kibano cha shingoni au sadoli yake (kitako cha uzi kwenye daraja), lakini zote kwa pamoja? Hapo ni egemeo, yaani pale makali ya bati la daraja yanapokalia skrubu mbili.

Nyuzi ni mpya na zimevutwa vya kutosha, vibano vimekazwa, daraja liko sambamba na bodi, skrubu za egemeo hazichezi kwenye mbao. Tone la mafuta husaidia kidogo, kisha tatizo linarudi. Kwa lenzi, makali ya upande wa besi yana kibonyeo, na skrubu yake ina mchubuko hapohapo.

Maswali mawili: nikizungusha skrubu nusu duara ili makali yakae upande usiolika, inatosha, au zibadilishwe zote mbili? Na makali yenyewe yananoleka kwa jiwe laini, au nitaondoa tabaka gumu la chuma na kulazimika kununua bati jipya?