Naombeni ushauri: nimeitwa kwenye utafiti wa waliougua saratani utotoni, niende?

Binti Pangani: Habari za jioni wanajukwaa. Mwaka 2004, nikiwa na miaka 4, niliondolewa figo ya kushoto kwa sababu ya uvimbe wa Wilms, saratani ya figo inayowapata watoto, kisha nikapewa dawa kwa miezi kadhaa. Nilipona, nikasoma, nikaolewa, na sasa nauza vitenge. Wiki iliyopita mjomba alipigiwa simu kwamba watafiti wanawatafuta waliotibiwa utotoni ili wapimwe moyo, figo na shinikizo la damu, na waulizwe maisha yao yanaendaje. Mimi siumwi popote. Aliyepona akirudi hospitali kutafuta ugonjwa, si ni kujichokoza? Nishaurini, ingawa naelekea kutokwenda.

Mzee wa Shamba: Binti yangu, nenda. Mdogo wangu aliugua saratani ya uvimbe wa taya, ile aliyoieleza Dkt. Denis Burkitt wa Kampala mwaka 1958. Alipona kabisa, lakini alipooa hakupata mtoto, na kwa miaka 9 ukoo mzima ulimnyooshea kidole mkewe. Hakuna aliyetuambia kwamba saiklofosfamaidi, mojawapo ya dawa alizopewa, inaweza kuharibu mbegu za kiume. Shemeji yangu aliondoka akiwa na aibu isiyo yake. Mngu amekuponya, nawe wasaidie wengine wajue.

Muuguzi Mstaafu: Kupona ni jambo moja, na alama ambazo tiba huziacha mwilini ni jambo jingine. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia watu wazima 10,397 waliopona saratani ya utotoni na kuwalinganisha na ndugu zao. Kati ya waliopona, 62 katika kila 100 walikuwa na angalau tatizo moja sugu la afya, na wengi wa ndugu zao hawakuwa nalo. Nina maswali mawili, nakuomba uyajibu kwa ukweli. Je, ulipewa dawa nyekundu ya mshipa? Na je, una mimba, au unatarajia kuipata karibuni?

Binti Pangani: Dawa nyekundu nilipewa. Kuhusu swali la pili, nina mimba ya miezi minne. Sikuitaja kwa sababu nilijua mtanitisha. Mume wangu hajui kwamba niliwahi kuugua saratani. Kovu analiona, nilimwambia ni upasuaji wa tumbo wa utotoni, naye hakuuliza tena. Kwao wanaamini saratani ni ya kurithi. Nimeona ni heri nijifungue kwanza, mengine yafuate baadaye.

Mama Wawili: Ndoa haijengwi juu ya siri, mdogo wangu. Siku utakapougua atajua kwa watu, na hapo ndipo atakapoumia.

Mdadisi: Mniwie radhi, simulizi hii inanitia shaka. Mtoto wa miaka 4 anakumbukaje rangi ya dawa, tena baada tu ya kuulizwa? Na namba gani ya simu hudumu zaidi ya miaka 20? Nahisi kuna mtu anatutungia ili tubishane.

Binti Pangani: Namba ni ya mjomba, kwa sababu nyumbani ni yeye peke yake aliyekuwa na simu wakati ule, na hajawahi kuibadilisha. Dawa siikumbuki mimi, aliiandika mama. Ninalo daftari lake la shule lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, na mara tano ameandika tarehe na maneno "dawa nyekundu". Pembeni ya mara ya kwanza ameandika "mkojo damu", kwa sababu alidhani navuja damu, hadi muuguzi alipomweleza kwamba ni rangi ya dawa tu.

Mdadisi: Nimekuelewa. Naomba radhi, dada.

Muuguzi Mstaafu: Dawa hiyo ni doksorubisini. Inaweza kudhoofisha msuli wa moyo polepole bila dalili yoyote, hasa kwa aliyepewa akiwa mdogo sana, na mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, kwa hiyo moyo wako sasa unafanya kazi zaidi kuliko kawaida. Wengi hujifungua salama, ila kinachowasaidia ni daktari kujua mapema. Utafiti unaweza kungoja. Kipimo cha eko ya moyo, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, hakingoji, na hakimdhuru mtoto kwa kuwa hakitumii mionzi. Kwa kuwa una figo moja, wakupime pia shinikizo na protini kwenye mkojo kila hudhurio. Ukiona unahema ukiwa umelala chali, usisubiri tarehe ya kliniki.

Binti Pangani: Kuhema ninahema, nilidhani ni mimba. Basi kesho asubuhi nitakwenda na daftari. Mume wangu sijui nianzie wapi.

Muuguzi Mstaafu: Anzia kwenye kovu, kwa sababu hilo amekwisha kuliona. Na kuhusu wakwe, uvimbe wa Wilms kwa walio wengi haurithiwi. Nenda naye kliniki aambiwe na daktari mwenyewe.