Naomba ushauri: simu zinazoingia ofisini zinakwama kwenye faiwoli

Ndugu wanachama, habari za majukumu. Duka letu la dawa lina simu tano za mezani zinazotumia intaneti, zote zikiwa nyuma ya faiwoli moja (kifaa kinacholinda mtandao wetu). Kupiga nje hakuna shida, lakini simu zinazoingia hupatikana tu pale tunapokuwa tumetoka kupiga sisi wenyewe; ikipita dakika moja hivi ya ukimya, mpigaji huambiwa hatupatikani, ingawa taa ya simu bado ni ya kijani. Inaniumiza sana, kwa kuwa wengi wao ni wagonjwa wanaoulizia dawa.

Nimegundua kwamba simu hujisajili kwenye seva ya mtoa huduma kila baada ya sekunde 3600, ilhali faiwoli hufunga njia ya UDP (mfumo wa kusafirisha data ambao simu hizi hutumia) isiyotumika baada ya sekunde 60. Nimezima SIP ALG (kipengele cha faiwoli kinachorekebisha ujumbe wa simu za intaneti) na kuwasha upya vifaa vyote, bila mafanikio. Kufungua poti 5060 (mlango wa mtandao unaopokea ujumbe wa kuunganisha simu) kwa dunia nzima sikubali, maana matapeli huisaka usiku na mchana.

Je, ni afadhali nipunguze muda wa kujisajili uwe chini ya sekunde 60, au niongeze muda wa UDP kwenye faiwoli? Na nikiruhusu poti hiyo kwa anwani ya mtoa huduma pekee, sauti nayo itapita, au ni lazima niruhusu pia poti za RTP, zinazobeba sauti yenyewe?