Mizani ipi inafaa kupimia gesi ya viyoyozi na friji?

Fundi wa Tanga aliuliza:
Ndugu mafundi, habari za kazi. Ninafunga na kutengeneza viyoyozi vya majumbani, na mara kwa mara huletewa friji ndogo zinazotumia gesi ya R600a. Sasa nataka kuacha kujaza gesi kwa kutegemea geji (kipimo cha mgandamizo) peke yake, kwa kuwa vibandiko vya mashine hutaja kiasi kwa gramu. Dukani nimeonyeshwa mizani mbili za kidijitali: moja hubeba kilo 100 na namba zake hupanda kwa gramu 10, nyingine hubeba kilo 50 na hupanda kwa gramu 5. Muuzaji ananisukumia ile kubwa, akisema bei hazipishani sana. Je, nichukue ipi, na itafaa kwa friji pia?

Fundi Baridi, Dar es Salaam:
Chukua ya kilo 50. Mtungi wa gesi ya R410A wenye kilo 11.3, au wa gesi ya R134a wenye kilo 13.6, hata ukijumlisha chuma chake haufiki kilo 20, kwa hiyo hizo kilo 100 utazilipia bure, labda kama unashughulika na mitungi mikubwa ya viwandani. Linalopaswa kukuongoza ni kiasi kidogo kabisa utakachopima. Kiyoyozi cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) mara nyingi huchukua kati ya gramu 600 na 1,000, kutegemea aina ya gesi na muundo wake, na humo gramu 5 hazitaleta tofauti utakayoiona. Friji ya R600a ni habari nyingine kabisa: kibandiko kikisema gramu 50, kupishana kwa gramu 10 ni sehemu moja ya tano ya gesi yote. Kwa kazi hiyo tafuta mizani ndogo inayosoma gramu 1. Kikopo cha gramu 420 kitaenea juu yake bila shida.

Pia usichanganye namba ndogo inayoonekana kwenye kioo na usahihi wa mizani, kwani mizani inaweza kuonyesha gramu 5 huku ikikosea kwa 20. Usahihi huandikwa kwenye karatasi ya maelezo. Muuzaji asipoweza kukuonyesha, nenda duka jingine.

Mzee wa Geji, Mombasa:
Naafiki, ila hata usomaji wa mizani nzuri huharibiwa na hozi, yaani mpira wa kupitishia gesi. Hozi ya mita 1.5 ikijaa kimiminika hubaki na takriban gramu 30 za R410A, ambazo mizani imeshazihesabu kuwa zimeingia kwenye mashine. Kwa hiyo tumia hozi fupi yenye vali mwishoni, itoe hewa kwanza, ndipo ubonyeze sifuri, na baada ya hapo usiiguse wala kuiacha ivute mtungi. Weka mizani mahali tambarare, mbali na upepo wa feni ya nje. R410A ni mchanganyiko wa R32 na R125, hivyo mtungi hugeuzwa ili itoke kama kimiminika, nawe uipitishe kidogo kidogo upande wa kunyonya ikiwa kompresa inafanya kazi.

Tena, kupima kuna maana endapo mfumo umeshatolewa gesi yote ya zamani na kuvutwa vakuamu, yaani kunyonywa hewa iliyomo. Ukiongezea juu ya gesi iliyobaki, mizani haijui mle ndani mna kiasi gani. Bomba likizidi urefu uliotajwa na mtengenezaji, ongeza gramu kwa kila mita kama kitabu chake kinavyoelekeza.

Fundi wa Tanga:
Nashukuruni sana. Nitaijaribuje pale dukani, ilhali sina mawe ya mizani?

Fundi Baridi, Dar es Salaam:
Chukua spana ndogo ukaipime kwa sonara, ambaye mizani yake ya biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Dukani weka mtungi juu ya mizani, bonyeza sifuri, kisha weka spana juu ya mtungi: isome uzito uleule, na ukiiondoa irudi sifuri. Halafu uache mtungi hapo kwa dakika 10 mkizungumza bei. Namba zikitembea zenyewe bila mtu kugusa, hiyo mizani iache hukohuko.