Wauza miche ya mizabibu, mnatuibia miaka

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Nilitaka safu chache tu za mizabibu nyuma ya nyumba. Muuzaji akaniapia kwamba miche yake ni Cabernet Sauvignon, aina ya zabibu nyeusi za mvinyo, iliyobebeshwa, yaani kijiti chake kimeunganishwa juu ya shina la mzabibu mwingine. Nikachimba mashimo, nikasimamisha nguzo, nikavuta waya, nikapogoa kila msimu. Mwaka wa tatu, ambao mzabibu unatakiwa uanze kukulipa, imetoa maua tele na haikushika hata punje moja!

Nikachukua kioo cha kukuzia nikayakagua. Ua la mzabibu ni dogo mno: kikofia cha kijani kinadondoka, stameni tano, vijiti vya kiume vyenye chavua, zinabaki zimesimama, na katikati panakuwa na kijichupa ambacho ndicho huvimba kikawa zabibu. Kwenye maua yangu, hapo katikati ni patupu. Ni madume, yote! Cabernet Sauvignon ina ua la jinsia mbili na hujichavusha yenyewe. Nilichouziwa ni shina la kubebeshea, lile lenye asili ya mizabibu pori ya Marekani, na mengi ya mashina hayo ni dume. Ama kikonyo, kile kijiti cha kuunganishwa juu, kilikufa kitaluni shina likaachwa lichipue, ama hakikuwekwa kabisa. Kovu la kubebeshea nimelitafuta, silioni.

Nimempigia simu, ananiambia niongeze mbolea, itazaa mwakani. Jamani! Mbolea gani inageuza dume kuwa jike?

Ukiuziwa mbegu mbovu ya mboga, wiki chache tu unajua. Mzabibu unakusubirisha miaka, na ukija kugundua, muuzaji keshabadilisha namba. Hilo wanalijua na ndilo wanalolitegemea.

Wengine wanaotesha mbegu za zabibu walizokula, kisha wanabandika jina kubwa. Mzabibu wa mbegu haufuati mama yake, wakuu. Cabernet Sauvignon yenyewe ni mtoto wa Cabernet Franc na Sauvignon Blanc, DNA ilithibitisha mwaka 1997, na imehifadhiwa hadi leo kwa vipandikizi, si kwa mbegu. Anayekuuzia mche wa mbegu kwa jina hilo anakudanganya, basi.

Najua atakuja mtu kuwatetea kwamba hata wakubwa huchanganya. Ni kweli, Chile walikuwa wakiita zabibu ya Carmenère kwa jina la aina nyingine, "Merlot", mpaka ilipotambuliwa mwaka 1994. Lakini hizo zinafanana na zote zinazaa. Mimi nimeuziwa mti usioweza kuzaa.

Na shina si jambo dogo. Ufaransa ilipoteza mashamba makubwa ya mizabibu kuanzia miaka ya 1860 kwa sababu ya filoksera, mdudu wa mizizi aliyetoka Amerika Kaskazini, na wokovu ulikuwa kubebesha juu ya mizizi ya Kimarekani. Kwa hiyo mwenye kitalu asiyejua shina lake linaitwaje hana kazi ya kuuza miche ya kubebesha. Mbaneni awaandikie kwenye risiti: jina la aina, jina la shina, mti mama uko wapi na kama umepimwa virusi. Akikataa kuandika, msitoe hela.

Mizabibu yangu siing'oi. Mizizi imeshika vizuri, nitaikata na kuibebesha upya. Nachohitaji ni vikonyo. Kama una mzabibu unaozaa na jina lake unalijua kwa hakika, naomba unitunzie vijiti utakapopogoa, vya unene wa penseli, vyenye macho matatu au manne. Ila kama ni wa zabibu nyeusi, na majani yake yakikaribia kuvunwa huwa mekundu, kingo zikijikunja chini huku mishipa ikibaki kijani, usinipe. Hicho ni kirusi, na kikonyo kitakileta kwangu.